Safari ya Saa Moja, Kazi ya Miaka Kumi na Sita



Mwezi huu twataka kuwachukua mbali, hata nchi ya Norwei iliyoko kaskazini mwa Ulaya, tukaitazame reli fupi iitwayo Flåmsbana. Tumeichagua kwa sababu ndugu zetu na watoto wetu waliohamia Ulaya si haba siku hizi, na wapo miongoni mwao wanaokwenda huko wakati wa likizo pamoja na jamaa zao. Wakirejea hutuonyesha picha za milima na maporomoko ya maji, nasi husema, "Mashaallah, ni pazuri!" kisha mazungumzo yakaishia hapo.

Walakini picha haisemi ni nani aliyelitoboa jabali ili gari lipate kupita. Wala haisemi kwa nini mtu akawaza kupeleka reli mahali ambapo hata mbuzi hupanda kwa taabu, wala jinsi reli hiyo ilivyokaribia kufungwa baada ya taabu yote hiyo. Mambo haya matatu ndiyo tutakayoyaeleza, ili atakayejaliwa kusafiri asiridhike na uzuri wa nchi peke yake, bali atambue na gharama yake, na haki za wale walioilipa.

FYODI NI NINI?

Sisi watu wa pwani twaijua hori: mkono wa bahari uingiao katika nchi, wenye mikoko kandokando, maji yakijaa na kupwa. Fyodi nayo ni hori, lakini ni hori ya namna nyingine kabisa. Pande zake mbili si matope wala mikoko, bali ni kuta za mawe zinazoinuka kutoka majini, na mahali pengine hupita urefu wa mita 1,000. Kina chake chastaajabisha zaidi. Fyodi kubwa kuliko zote za Norwei, iitwayo Sognefjord, yaingia ndani ya nchi zaidi ya kilomita 200, na mahali penye kina kirefu maji yake hupita mita 1,300. Tena jambo la kutia mawazo ni hili: mlangoni pake, inapokutana na bahari kuu, maji ni machache kuliko ndani. Yawaje hori ikawa na kina kikubwa ndani kuliko mlangoni?

Jawabu ni barafu. Katika zama za kale sana nchi ile yote ilifunikwa na barafu nene mno, ikaondoka na kurudi mara nyingi. Barafu ikiwa nyingi haikai mahali pamoja. Huteremka mabondeni polepole kama mto, ikikokota mawe chini yake, na mawe hayo huukwangua mwamba kama msasa ukwanguavyo ubao. Pale ilipobanwa na milima ilichimba kwa nguvu, hata ikapita chini ya usawa wa bahari. Ilipofika nje, penye nafasi, ilitawanyika na nguvu zake zikapungua, ndipo ikaacha kizingiti cha mwamba mlangoni. Barafu ilipoyeyuka, yapata miaka elfu kumi hivi iliyopita, bahari ikaingia na kuyajaza mabonde yale.

Sognefjord ina matawi mengi. Tawi moja laitwa Aurlandsfjord, na mwisho wake ndipo kilipo kijiji cha Flåm, chenye wakazi mia chache tu. Huko ndiko reli yetu inakoteremkia.

KWA NINI RELI ILIJENGWA?

Norwei ina miji miwili mikubwa: Oslo upande wa mashariki, na Bergen, bandari ya upande wa magharibi. Baina yake pana milima mipana ambayo theluji hukaa juu yake sehemu kubwa ya mwaka. Mwaka 1883 reli ilifunguliwa kutoka Bergen hata mji wa Voss. Kuivusha kutoka hapo mpaka upande wa pili wa milima kulichukua miaka mingi, na reli nzima ya Bergen ilifunguliwa na Mfalme Haakon wa Saba tarehe 27 Novemba 1909. Stesheni yake ya Finse iko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Na chini ya mlima uitwao Gravahalsen, wajenzi walitoboa handaki la mita 5,311.

Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa watu wa Bergen na Oslo. Lakini wafikirieni watu wa Sogn, waliokaa chini kandokando ya fyodi. Reli ilipita juu ya vichwa vyao! Katika stesheni ya Myrdal garimoshi lilikuwa likisimama mita 866 juu ya bahari, nao walikuwa huko chini na mashamba yao ya matunda na mbuzi wao, njia yao kubwa ikiwa ni chombo cha majini. Kutoka Myrdal hata ukingo wa maji ni mwendo wa kilomita 20 hivi. Ndipo ilipokatwa shauri kujenga tawi la reli ili watu wa fyodi wapate kuunganishwa na nchi yao.

Sasa taabu ilikuwa mwinamo. Gari la reli si punda. Gurudumu lake ni la chuma, nalo hukanyaga chuma, kwa hivyo mlima ukizidi huteleza. Katika nchi nyingine zenye milima mikali huwekwa reli ya tatu yenye meno katikati, na gurudumu lenye meno hushika hapo kama mtu apandaye ngazi. Wahandisi wa Flåm hawakufanya hivyo. Waliweka reli ya kawaida, ile ile ya reli kuu, nao wakaupunguza ukali wa mlima kwa kuizungusha njia, mara huku mara kule, na mahali pengine kuigeuza ndani ya tumbo la jabali. Hata hivyo penye mwinamo mkubwa njia hupanda mita 1 kwa kila mita 18 za mwendo, na kwa reli ya kawaida isiyo na meno huo ni mwinamo mkali sana.

WALIOTOBOA JABALI

Kazi ilianza mwaka 1924. Katika kilomita 20 za reli hiyo mna mahandaki 20, na yakijumlishwa urefu wake ni karibu kilomita 6. Maana yake ni kwamba msafiri akaapo kitini huwa ndani ya jabali zaidi ya robo ya safari yake. Katika mahandaki hayo 20, mahandaki 18 yalichimbwa kwa mikono.

Vijana wetu na watulie hapa kidogo, wasipite mbio. Kutoboa mwamba kwa mikono ni hivi: mtu mmoja hushika tindo ya chuma, mwenziwe huipiga kwa nyundo, kila baada ya pigo mshika tindo huigeuza kidogo, na pigo jingine hufuata. Tundu likipata kina cha kutosha hujazwa baruti, watu hukimbia, jabali hulipuka. Kisha hurudi katika moshi na vumbi, huyazoa mawe yaliyovunjika, huyatoa nje, na kuanza tena. Wenyewe husimulia kwamba mita moja ya handaki ilimgharimu mfanyakazi kiasi cha mwezi mmoja. Mwezi mzima kwa hatua moja ya mtu mzima!

Wafanyakazi hao kwa lugha yao huitwa rallar, nao walikuwa watu wa kuhama na kazi: reli hii ikimalizika, hufuata nyingine. Hata leo iko njia iitwayo Rallarvegen, yaani njia ya rallar, iliyotumika kupeleka vifaa vya ujenzi wa reli ya Bergen. Siku hizi waendesha baiskeli huifuata kwa furaha, na pale iteremkapo kutoka Myrdal hupinda kona 21 mpaka chini.

Yalikuwapo pia maporomoko ya theluji, ambayo huteremka ghafla na kufagia kila kilicho mbele yake. Kwa ajili hiyo njia iliingizwa ndani ya mlima katika sehemu za hatari, na mahali pengine ikavushwa upande wa pili wa bonde. Mto wa bonde hilo reli huuvuka mara tatu, wala hapo hapakujengwa madaraja. Badala yake mto wenyewe ulichimbiwa njia ndani ya mwamba, ukapita chini ya reli.

Tarehe 9 Aprili 1940 Norwei ilivamiwa na majeshi ya Ujerumani, na tarehe 1 Agosti mwaka huo huo magari ya mizigo yakaanza kupita. Abiria walianza kupanda Februari 1941. Kijana aliyeshika tindo akiwa na miaka 20 mwaka 1924 alikuwa na miaka 36 gari la kwanza la mizigo lilipoteremka. Ujana wake wote ameuacha katika mwamba, kwa safari ambayo leo yachukua muda wa saa moja.

SAFARI YENYEWE

Msafiri aweza kuanzia chini Flåm au juu Myrdal. Atokaye Oslo au Bergen hufika Myrdal kwa reli kuu, kisha hubadili gari. Myrdal hakuna barabara ya motokaa. Ni stesheni, theluji, na milima. Sisi twaliita gari hilo garimoshi kwa mazoea tu, kwani halina moshi: tangu mwaka 1944 huendeshwa kwa umeme. Huwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, na breki za namna tano, kila moja yatosha peke yake kulisimamisha gari. Likipanda haliruhusiwi kupita kilomita 40 kwa saa, na likiteremka lisipite 30. Hekima ya mwendo huu ifahamike: katika mlima, ateremkaye ndiye mwenye kuhitaji uangalifu zaidi, si apandaye.

Likiondoka Myrdal hupita Vatnahalsen, kisha kandokando ya ziwa la Reinunga, ambalo hata mwanzo wa kiangazi huweza kuwa na barafu juu yake. Baadaye husimama Kjosfossen, na abiria wote hushuka kwa dakika chache. Hapo maji huanguka kwa kishindo hata mtu hawezi kumsikia aliye ubavuni mwake, na rasharasha zake huwalowesha waliosimama mbali. Wakati wa kiangazi huletwa wachezaji wanaoigiza ngano ya kale ya wenyeji, ya mwanamke wa milimani avutaye watu kwa sauti yake. Lakini la kukumbukwa zaidi hapo ni hili: maji hayo hayo yaliwekewa mtambo wa umeme ili kuiendesha reli. Mlima ulioizuia njia ndio uliotoa na nguvu ya kuupanda.

Baada ya hapo gari huingia handaki la Nåli, lililo refu kuliko yote ya reli hiyo, mita zaidi ya 1,300. Likitoka hugeuka na kugeuka, na msafiri akitazama juu aona ubavuni mwa mlima njia ile ile aliyopita punde, ngazi juu ya ngazi. Penye stesheni ya Berekvam, karibu na katikati ya safari, reli ni mbili, nayo magari mawili hupishana: moja lapanda, moja lateremka. Kutoka hapo bonde hupanuka kidogo kidogo. Zaonekana nyumba za mbao, mashamba ya majani, maporomoko ya Rjoandefossen yenye urefu wa mita 140, kisha kanisa dogo la kale la kijiji, na mwisho maji ya fyodi yaliyotulia kama mafuta kwenye sahani. Stesheni ya Flåm iko mita 2 tu juu ya bahari.

Wengi huendelea kwa mashua kubwa ya abiria, wakapita Aurlandsfjord na tawi lake Nærøyfjord hata Gudvangen, safari ya saa mbili hivi, kisha wakapanda basi kwenda Voss na kurudi katika reli kuu. Nærøyfjord ni nyembamba mno. Mahali pamoja upana wake ni mita 250 tu. Mwaka 2005 iliingizwa na UNESCO katika hesabu ya mahali pa urithi wa dunia, pamoja na Geirangerfjord.

RELI ILIYOKARIBIA KUFA

Sasa twafika kwenye jambo ambalo picha hazilisemi kabisa. Reli hii ilijengwa kwa haja: kuwatoa watu, matunda na mizigo. Lakini wahandisi wa barabara nao wakajifunza kutoboa milima, tena kwa mitambo. Mwaka 1991 lilifunguliwa handaki la motokaa la Gudvanga, lenye kilomita 11 na zaidi, upande wa magharibi wa Flåm. Mwaka 2000 lilifunguliwa handaki la Lærdal upande wa mashariki, kilomita 24 na nusu, ambalo ni refu kuliko handaki lolote la motokaa duniani. Mizigo ikahamia barabarani. Ile haja iliyowafanya watu wapige tindo miaka kumi na sita ikaondoka.

Reli ikaingia hasara, na ikazungumzwa kuifunga. Kilichoiokoa ni uzuri wa njia yake. Wenyeji waliona kwamba wageni walikuwa wakiipanda si kwa kutaka kufika mahali, bali kwa kutaka kuona. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliundwa kampuni ya hapo hapo kushika kazi ya kuitangaza na kuuza safari zake, na leo abiria wake ni laki kadhaa kwa mwaka.

Tusiseme kwamba mambo yote yamekuwa asali. Kijiji cha watu mia chache kikipokea meli yenye watu elfu kadhaa asubuhi moja, mwenye nyumba huona mlangoni pake mgeni asiyemjua, na juu ya maji yaliyozungukwa na kuta za milima moshi wa meli hukosa pa kutokea. Hata ikafika mwaka 2018 Bunge la Norwei likaazimia kwamba meli na mashua za watalii zisitoe moshi katika fyodi za urithi wa dunia. Zile ndogo zilipewa muda hadi mwaka 2026, na kubwa zaidi hadi mwaka 2032. Tayari mashua za abiria ziendazo kwa umeme hupita Nærøyfjord bila kelele. Uzuri uliookoa reli nao wahitaji kuokolewa na wanaoupenda.

ADABU ZA MSAFIRI

Kwa hivyo, enyi vijana mtakaojaliwa safari hii, na enyi wazazi mtakaowachukua watoto, twawausia machache.

Kwanza, nunueni tiketi mapema, kwani kiangazi watu ni wengi na bei si ndogo. Chukueni nguo za joto hata mwezi wa Julai, maana Myrdal yaweza kuwa na baridi kali ilhali Flåm watu wamevaa mashati. Chakula cha halali msitegemee kukipata katika kijiji kidogo. Chukueni chenu, au kuleni samaki, ambao nchi ile imejaaliwa kwa wingi.

Pili, msisahau kwamba huko saa za mchana si kama za kwetu. Katika mwezi wa Juni jua huchwa karibu saa tano za usiku na kuchomoza karibu saa kumi za alfajiri, wala giza halipati kuwa giza. Mwezi wa Disemba mchana ni wa saa sita tu. Sala zataka kupangwa kabla ya kutoka nyumbani, na msafiri anayo ruhusa yake iliyo mashuhuri ya kupunguza na kukusanya. Oslo na Bergen iko misikiti; waulizeni wenyewe saa zao, wala msikisie.

Tatu, wekeni simu chini angalau nusu ya safari. Mtoto akiwa dirishani, mwonyesheni ukuta wa handaki unaopita karibu na kioo, ulioparuzwa na kukatwakatwa. Mwambieni kwamba pale alisimama mtu na tindo, na mita moja ilimchukua mwezi. Mtoto aliyeambiwa hivyo hatauona mlima tu. Atauona na mkono.

Nne, kijiji ni nyumba za watu. Usipige picha za madirisha ya watu, usikanyage shamba la majani kwa sababu halina ua, usitupe taka majini. Mgeni mwema ni yule ambaye akiondoka, mwenyeji hatamani asirudi.

Waliochimba njia ile karibu wote wamekwisha kufa, na wala majina yao hayakuandikwa katika kila handaki. Hawakupiga nyundo kwa ajili ya watalii. Walipiga ili mkulima wa fyodi apate kufika sokoni. Sisi twafaidi kazi ambayo hatukuilipia, na njia iliyobaki ya kuilipa ni kuitambua na kuitunza. Basi na hapa kwetu, mtakapovuka daraja au kuteka maji katika kisima cha zamani, ulizeni ni nani aliyekichimba, nanyi mtamwombea heri.